Likizo ya Mwalimu Huisha Mapema

Katika kazi ambazo watu huzihusudu bila ya kuzijua, ualimu ni miongoni mwa zilizo mbele, na sababu ya husuda hiyo ni likizo. Mtu aonaye milango ya skuli imefungwa tangu mwezi wa Juni hata mwisho wa Agosti, kama ilivyo ada katika nchi ya Marekani, hudhani kwamba mwalimu wa nchi ile amejaaliwa robo ya mwaka ya kulala na kuamka apendapo, na ujira wake ukimfuata kitandani. Dhana hii ina makosa mawili: moja ni katika ujira, na la pili ni katika kulala.

Tuanze na ujira. Mwaka wa masomo katika majimbo mengi ya Marekani ni siku 180 au karibu yake, na mkataba wa mwalimu aghalabu humlipa kwa siku hizo pamoja na chache za kabla na baada yake, yaani kazi ya miezi kumi. Wilaya nyingi za elimu humpa hiari: ama aupokee mshahara wake wote katika miezi hiyo, kisha akiingie kiangazi mikono mitupu, ama kila fungu lipunguzwe kidogo ili mshahara umfikie kwa miezi kumi na miwili. Kwa hiyo fedha aipokeayo mwezi wa Julai si takrima ya mapumziko, bali ni jasho lake la mwezi wa Januari lililowekwa akiba. Ambaye mshahara haumtoshi hufundisha masomo ya kiangazi, huuza dukani au hupaka rangi nyumba za watu, mpaka siku zimrudishe darasani.

Wala likizo yenyewe haikuzaliwa kwa ajili ya raha yake. Husemwa mara kwa mara kwamba asili yake ni mashamba, ambako watoto walihitajiwa na wazazi wao. Lakini hoja hiyo haisimami, maana mkulima huhitaji mikono zaidi wakati wa kupanda na wakati wa kuvuna, na skuli za shamba za karne ya 19 zilifungwa nyakati hizo, zikafundisha wakati wa baridi na wakati wa kiangazi. Mijini mambo yalikuwa mengine kabisa: mwaka 1842 skuli za New York na Detroit zilifundisha zaidi ya siku 240. Kilichozifunga baadaye ni joto la vyumba vilivyokosa hewa, safari za matajiri waliokwenda kutafuta upepo nje ya mji, na rai ya wakuu wa elimu wa zama hizo kwamba akili ya mtoto ikitumikishwa mfululizo huchakaa. Mji na shamba vikasogeleana kidogo kidogo, na kiangazi kikawa ndio wakati wa kufunga kwa wote.

Siku ya kufungua, hata hivyo, haijapata kuwa moja. Huko Georgia watoto wengi huwa wamekwisha keti darasani mapema mwezi wa Agosti, ilhali New York husubiri ipite Sikukuu ya Wafanyakazi, ambayo tangu mwaka 1894 ni sikukuu ya taifa, Jumatatu ya kwanza ya Septemba. Katika Virginia sheria ya mwaka 1986 ilikataza skuli kufunguliwa kabla ya sikukuu hiyo bila ya ruhusa maalumu, na walioitetea sana ni wenye biashara ya utalii na viwanja vya burudani. Mwaka 2019 ikalegezwa.

Sasa tuje kwenye kulala. Walimu wa Marekani wana mzaha wao kwamba Juni ni Ijumaa, Julai ni Jumamosi, na Agosti yote ni Jumapili. Nao hawakusudii Jumapili ya asubuhi, bali ile ya jioni, ambayo mtu huketi na jamaa zake huku moyo umekwisha tangulia kazini. Mwalimu wa darasa la pili ambaye watoto wake watafika baada ya wiki mbili huanza kwenda skuli mchana, wakati hakuna mtu ila mtumishi mwenye funguo. Hukuta madawati yamelundikwa pembeni kwa sababu sakafu imesuguliwa, kuta zi tupu, na vitabu vya mwaka jana vimo makashani. Huyapanga madawati kwa safu, akaketi katika kila moja kuona kama ubao waonekana, kisha akayapangua na kuyapanga makundi makundi.

Baada ya hapo huenda dukani, akanunua kalamu za risasi, gundi, mikasi, madaftari ya watoto watakaokuja bila ya madaftari, na karatasi za kupangusia mafua, kwa fedha yake mwenyewe. Hili si jambo la wachache wenye huruma: uchunguzi wa serikali ya nchi hiyo ulionyesha kwamba katika mwaka wa masomo wa 2014 hadi 2015, walimu 94 katika kila 100 wa skuli za umma walitoa fedha zao kwa vifaa vya darasani bila ya kurudishiwa, na waliotoa walitumia wastani wa dola 479 kila mmoja. Sheria ya kodi nayo inalitambua, kwani tangu mwaka 2002 mwalimu ameruhusiwa kutoa hadi dola 250 katika hesabu ya mapato yake yatozwayo kodi, na mwaka 2022 kiwango hicho kilipandishwa kuwa dola 300. Hiyo ni nafuu ya kodi tu; gharama yenyewe hubaki juu yake.

Kisha huja siku za mikutano na mafunzo, ambazo humwondoa darasani saa zile zile anazozihitaji kuandika azimio la kazi na maandalio ya masomo. Na mwisho huja orodha ya majina, ambayo mwalimu mwema huisoma kwa sauti akiwa peke yake ili asimkosee mtoto jina lake mbele ya wenziwe. Katika mji wa Louisville, jimbo la Kentucky, ambako Kiswahili husemwa katika nyumba nyingi za familia zilizotoka Kongo, orodha hiyo yaweza kuwa na Furaha au Baraka, na mwalimu asiyejua neno moja la lugha yetu huyarudia majina hayo mpaka ulimi uyazoee.

Wahenga walisema, usione vyaelea, vimeundwa. Asubuhi ya kwanza mzazi huona mtoto amepokewa mlangoni kwa jina lake, akaonyeshwa dawati lake, akapewa kalamu; nayo huonekana kuwa jambo jepesi. Kwetu Afrika ya Mashariki, katika nchi kadhaa, mlango huo hufunguliwa mwezi wa Januari, lakini mwenye kuufungua huwa amekwisha anza kazi katika siku za mwisho za Desemba. Basi msomaji mwenye mtoto, siku hiyo itakapofika, amtie mwanawe kalamu mkobani, na amwambie mwalimu ahsante kabla ya kumuuliza lolote.