Umoja wa Chama Baada ya Kupoteza Wingi wa Viti

Katika uchaguzi mkuu wa mwaka 2015 mkoa wa Kilimanjaro, wenye majimbo 9, ulipeleka Bungeni wabunge 7 wa upinzani: 6 wa CHADEMA, kutoka Moshi Mjini, Moshi Vijijini, Hai, Siha, Rombo na Same Mashariki, na mmoja wa NCCR-Mageuzi, naye ni James Mbatia wa Vunjo. CCM ilisaliwa na Mwanga na Same Magharibi tu. Miaka 5 baadaye, tarehe 28 Oktoba 2020, katika uchaguzi ambao wapinzani waliyakataa matokeo yake, majimbo yote 9 yalitangazwa kuwa ya CCM, na katika Tanzania nzima CHADEMA ikabakiwa na jimbo moja, Nkasi Kaskazini. Msiba huo haukuwaunganisha waliofikwa nao, uliwafarakisha.

Aghalabu watu wa Moshi hulieleza jambo hili kwa tabia za watu: fulani ana tamaa, fulani amenunuliwa, fulani hakuwa mwenzetu tangu awali. Sikatai kwamba tamaa ipo. Lakini tamaa ilikuwapo pia siku za ushindi, na chama kilisimama. Yafaa basi tuitafute sababu mahali pengine, nami naiona katika sheria zetu wenyewe. Tangu vyama vingi viliporejea mwaka 1992, hapana mtu awezaye kugombea ubunge pasipo kudhaminiwa na chama, na mbunge akiacha uanachama wa chama kilichompeleka Bungeni hupoteza kiti chake papo hapo, kama isemavyo ibara ya 71 ya Katiba. Fauka ya hayo, ruzuku ya serikali hugawanywa kwa kadiri ya kura na viti, na kura hizo ndizo zipimiazo viti maalumu vya wanawake. Kwa hiyo kiti humfunga mtu kwa chama chake kwa kamba ya sheria na kamba ya riziki kwa pamoja, hata asiyempenda mwenyekiti wake akamvumilia miaka 5. Nasi watazamaji, tuonapo wote wameketi safu moja, huudhani uvumilivu huo kuwa ni mapenzi.

Ithibati ya kwanza ni NCCR-Mageuzi. Mwaka 1995 Augustino Mrema, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani na Naibu Waziri Mkuu, aliihama CCM, akapokewa na kupewa uenyekiti, naye Mabere Marando aliyekuwa mwenyekiti akawa katibu mkuu. Uchaguzi ulipokwisha, Mrema alikuwa na asilimia 27.8 ya kura za urais, na chama kina majimbo 16. Lakini Ikulu iliyowakutanisha chini ya paa moja haikupatikana, na swali lililoahirishwa wakati wa kampeni, yaani nani mwenye kauli ya mwisho kati ya mwenyekiti na katibu mkuu, likazuka kwa ghadhabu. Kufikia mwaka 1997 chama kilikuwa kambi mbili zisizosikilizana. Mwaka 1999 Mrema alihamia chama kingine, TLP, na kwa kaida ile ile akakipoteza kiti cha Temeke alichokipata katika uchaguzi mdogo wa 1996. Uchaguzi wa 2000 ulitoa hukumu kwa wote: NCCR jimbo moja, na Mrema asilimia 7.8.

Ithibati ya pili imo katika nyakati ambazo watu huchagua kuondoka. Dakta Godwin Mollel wa Siha alipoamua kuiacha CHADEMA mwaka 2017 ilimlazimu kwanza kujiuzulu ubunge, ndipo akarudi kwa wapiga kura kwa tiketi ya CCM. Joseph Selasini wa Rombo na Anthony Komu wa Moshi Vijijini, ambao hitilafu zao na chama zilijulikana, walihamia NCCR-Mageuzi mwaka 2020, Bunge lilipokuwa linafikia ukingoni. Mtu hutoka pale gharama ya kutoka inapopungua. Kushindwa kwa mwaka huo kuliifuta gharama hiyo kwa karibu kila mtu, isipokuwa mahali pamoja, palipokuwa na viti maalumu 19. Na hapo hapo ndipo ugomvi ulipowaka, kwa kuwa wanawake walioapishwa kushika viti hivyo Novemba 2020 walifukuzwa uanachama wa CHADEMA siku chache baadaye, nao wakaenda mahakamani na kubaki Bungeni.

Ukitaka kuyaona haya kwa karibu, shuka kutoka majimboni mpaka kwenye kata. Ofisi ya chama huko vihambani aghalabu ni chumba kimoja cha kupanga, nje mlingoti wa bendera, ndani meza, mhuri na daftari la wanachama. Mara nyingi kodi ya chumba hicho hutoka kwa diwani, katika posho ya vikao vya halmashauri. Diwani akianguka, mwenye nyumba hudai chumba chake. Daftari huhamia nyumbani kwa katibu, na vikao navyo huhamia huko, wakaalikwa wale tu ambao katibu anaelewana nao. Mfarakano wa tawi huanza hivyo, bila hotuba wala usaliti wa mtu yeyote.

Januari 2025 CHADEMA ilifanya jambo la kusifiwa: iliamua uongozi wake kwa kura, Tundu Lissu akapata 513, na Freeman Mbowe wa Hai, aliyekuwa mwenyekiti tangu 2004, akapata 482, akayakubali matokeo. Hata hivyo, haikupita miezi mingi kundi la viongozi likahamia chama kingine, CHAUMMA. Uchaguzi ule ulikuja wakati manung'uniko yamekwisha kulimbikana, ilhali karibu hapakuwa na kiti cha kumzuia mtu asitoke.

Wazee wa mifereji ya Kilimanjaro waliweka zamu za maji na faini za mkaidi kabla ya kiangazi, kwa kuwa walijua kwamba mwenye kiu hatungi sheria ya insafu. Chama nacho kina wakati wake wa kujitengeneza, nao ni wakati wa wingi. Anayetaka kujua uimara wa chama chake asihesabu wabunge. Na aulize kama kipo kikao cha rufaa ambacho hukumu yake imewahi kumwangukia mkubwa, na kama ofisi ya kata yake ingeweza kulipiwa kodi kwa ada za wanachama peke yake. Chama chenye majibu mema kwa maswali hayo mawili kinaweza kupoteza majimbo yote na bado kikabaki chama. Kisichokuwa nayo, hata kikishinda yote 9, umoja wake ni wa kuazima, na siku ya kuurejesha ni siku ya matokeo.