Rusizi: Magari yapo, lakini si kila abiria anaelewa yanakokwenda

KAMEMBE, Rusizi — Alfajiri kituo cha mabasi cha Kamembe huwa kimekwisha kuchangamka. Akina mama wenye vikapu wanatafuta gari la kuwafikisha mpakani ili wawahi wateja wa Bukavu. Hiace, zile wenyeji wanazoziita twegerane, zinaita abiria wa Bugarama. Mabasi ya Kigali yanajiandaa kuingia msitu wa Nyungwe. Nauli na majina ya vituo yanatajwa mbiombio, kwa Kinyarwanda, Kiswahili na Kifaransa cha hapa na pale.

Kwa mfanyabiashara aliyezoea, hizo ni kelele za riziki. Kwa mtu mwenye ulemavu wa akili, ni ukuta.

Ulemavu wa akili si kichaa, wala si ugonjwa wa kupona kwa dawa. Ni hali ya kuchelewa kuelewa jambo jipya, kusoma, kuhesabu chenji au kukumbuka maelekezo marefu. Wengi wenye hali hiyo wanaweza kufanya kazi na kusafiri, mradi wafundishwe taratibu na mambo yasibadilike ghafla.

Tuchukue mfano wa mama anayevusha nyanya kila siku, mwenye kijana wa miaka 20. Kijana ana nguvu, anajua kupanga makreti na hamwibii mtu. Lakini hawezi kutoka nyumbani hadi Kamembe peke yake. Gari likihamishwa mahali pa kuegesha, anapotea. Kondakta akimfokea, ananyamaza. Basi mama ana njia mbili: amfuate kila mahali, alipe nauli ya watu wawili na kupoteza asubuhi, au amwache nyumbani, akodi mbebaji. Njia zote mbili zinakula faida.

Mpakani hatari inazidi. Aliyeshuka kituo kisicho chake ndani ya mji atauliza njia. Aliyejikuta ng'ambo ya daraja la Rusizi bila karatasi, naye hawezi kujieleza haraka, ni rahisi kudhaniwa mlevi au mhalifu.

Sheria si tatizo kubwa. Rwanda ina sheria ya kuwalinda watu wenye ulemavu tangu 2007. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, uliopitishwa 2006, Rwanda iliuridhia 2008, Burundi 2014, na Kongo ikajiunga nao 2015. Kwa hiyo anayevuka kutoka Kamembe kwenda Bukavu anatoka katika nchi iliyotoa ahadi na kuingia katika nchi iliyotoa ahadi ileile. Mkataba huo unataja usafiri waziwazi, unataka alama zinazosomeka na kueleweka kwa urahisi, na unataka watu wafundishwe namna ya kusafiri.

Tatizo ni kwamba tukisema usafiri kwa walemavu, akili zetu zinakwenda kwenye ngazi na baiskeli za magurudumu matatu. Hayo ni muhimu. Ila ulemavu wa akili hauonekani kwa macho, na dawa yake haihitaji saruji.

Ya kwanza ni alama. Dar es Salaam, daladala hupakwa mstari wa rangi kulingana na njia, na asiyejua kusoma hulitambua gari lake kwa mbali. Jiji la Mexico, lilipofungua treni zake za chini ya ardhi mwaka 1969, lilikipa kila kituo picha yake. Kamembe nayo inaweza kuwa na picha ya daraja kwenye gari la mpakani, na gari la Bugarama likaegeshwa mahali palepale kila siku.

Ya pili ni ulimi wa kondakta. Sentensi fupi, jambo moja kwa wakati mmoja, na neno la kumjulisha abiria kabla ya kituo chake. Haichukui hata dakika.

Ya tatu ni mazoezi. Ndugu husafiri naye mara kadhaa katika njia fupi, kisha hukaa kiti cha nyuma akimwangalia, kisha humwacha aende. Nauli huhesabiwa nyumbani na kuwekwa kwenye bahasha. Mfukoni huwa na kadi yenye jina lake, kituo anachoshukia na simu ya nyumbani.

Atakayefaidika si yeye tu. Mfanyabiashara wa Bukavu asiyesoma Kinyarwanda atalitambua gari kwa picha hiyohiyo. Bibi ambaye hakwenda shule hataomba msaada kwa mgeni.

Tangu Kongo ilipojiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, nchi zote tatu zinazokutana hapa zimo katika jumuiya moja, na mazungumzo mengi ni ya bidhaa kuvuka. Lakini bidhaa huvushwa na watu. Wafanyabiashara ndio wanaojaza viti vya magari haya kila alfajiri; vyama vyao vya ushirika vikidai kibao chenye picha na kondakta mwenye subira, wenye magari watasikiliza. Na yule mama wa nyanya atapata msaidizi wake, naye kijana atarudi jioni na pesa aliyoitolea jasho mwenyewe.