Geti Moja, Rimoti Ngapi?

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Juma hili nataka tuutazame usemi huo tukiwa tumesimama mbele ya geti.

Ninaishi Upanga, Dar es Salaam, katika jengo lenye familia 12. Geti letu ni moja, linaendeshwa kwa mota, na kila familia ina rimoti yake. Usiku mmoja mwaka jana, betri ya gari na vioo vya pembeni viliibwa uani. Geti halikuvunjwa wala ukuta haukurukwa. Kikao kikaitishwa, na wote tukamgeukia mlinzi. Mzee wa watu aliapa kwamba alisikia mota ikinguruma, akaona geti linafunguka, akadhani ni mpangaji anarudi. Hatukumsadiki. Nami nilikuwa miongoni mwa walionyoosha mkono afukuzwe.

Wiki mbili baadaye akaja fundi kutazama mota. Akauliza: "Mna rimoti ngapi?" Tukajibu bila kusita: 12. Akafungua kisanduku, akapima, akatuambia kipokezi kinazitambua rimoti 31. Hizo 19 ziko kwa nani? Kimya. Kulikuwa na wapangaji waliohama, madereva walioacha kazi, na mmoja wetu aliyeuza gari rimoti ikiwa ndani.

Ndugu msikilizaji, rimoti ni redio ndogo tu. Ukibonyeza kitufe, inatuma namba kwa mawimbi, na nyingi hutumia megahezi 433. Kipokezi kinailinganisha namba hiyo na zile kilizofundishwa. Ikiwamo, geti linafunguka. Hakiulizi nani ameishika, wala hakijui kama mtu huyo alihama mwaka juzi.

Rimoti za zamani zina vijiswichi vidogo ndani, na namba yake haibadiliki. Vijiswichi 10 vinatoa mipangilio 1,024 tu, na jengo zima hutumia mpangilio mmoja. Ikipotea moja, hakuna dawa ila kubadili za wote. Rimoti za aina mpya hubadili namba kila zinapobonyezwa, hivyo aliyeinasa ya jana haimfai leo. Tena kila moja ina utambulisho wake, na inaweza kufutwa peke yake. Lakini ujanja wote huo haufai kitu ikiwa rimoti yenyewe imo mfukoni mwa mtu asiyehusika, na hakuna aliyeifuta.

Basi tufanyeje? Kwanza, daftari. Kila rimoti ipewe namba, iandikwe amepewa nani, tarehe gani, na imehifadhiwa nafasi ya ngapi katika kipokezi. Bila kuijua nafasi hiyo, mara nyingi fundi hulazimika kuzifuta zote na kuzifundisha upya moja moja. Pili, anayepokea rimoti aweke amana, atakayorudishiwa siku anapoikabidhi. Tatu, iliyopotea itolewe taarifa siku hiyo hiyo, si mwisho wa mwezi. Nne, kisanduku cha mota kifungwe kwa ufunguo, maana mwenye kukifikia kitufe cha kufundishia anaweza kujiongezea rimoti kwa dakika moja. Tano, usiandike anwani yako juu ya rimoti, wala usiiache garini unapolipeleka kwa fundi au kuoshwa.

Sisi tulifuta zote 31, tukaandikisha 12. Kazi hiyo ilichukua alasiri moja tu. Sisemi kwamba namjua mwizi. Ninalosema ni kwamba funguo 19 za geti letu zilikuwa zikizagaa mjini, nasi tukamhukumu mtu asiyekuwa na hata mmoja.

Tulimfuata mzee kwake Mbagala, tukamwomba radhi. Akatusikiliza, akanyamaza kitambo, kisha akauliza zamu yake inaanza lini. Siku hizi nirudipo usiku, nashusha kioo kwanza, nasema "Shikamoo, mzee," naye akishaitikia ndipo ninabonyeza.

Je, geti lenu lina rimoti ngapi? Zihesabuni leo, kabla hamjamnyooshea mtu kidole. Kwaheri, tukutane juma lijalo.