Je, Wajua? Maadui wa Doctor Who na Mafungu Yao

Je, wajua kwamba mashabiki wa Doctor Who, tamthilia ya BBC iliyoanza kurushwa Novemba 23, 1963, wamewagawa maadui wa stelingi wao, Doctor, katika mafungu, na mpaka leo wanabishana nani akae wapi? Kileleni tu ndiko hakuna ubishi: Dalek, Cybermen na Master, wanaoangamizwa leo wakarudi msimu ujao.

Je, wajua kwamba ukimwita Dalek roboti, shabiki atakusahihisha papo hapo? Ndani ya lile deraya la chuma mna kiumbe hai kinachomchukia kila asiye Dalek. Alipotokea mara ya kwanza, Desemba 21, 1963, watazamaji waliona mkono wake tu, uliofanana na mpira wa kuzibulia sinki, ukimsogelea mwanamke anayepiga mayowe. Ajabu ni kwamba Sydney Newman, mkuu wa tamthilia wa BBC, hakutaka mazimwi kabisa katika kipindi hicho. Cybermen (1966) ndio wenye utata: walikuwa watu, wakabadilisha kiungo kimoja baada ya kingine kwa vya bandia, mpaka hisia zenyewe zikaondolewa. Uwaweke na mashine au na binadamu?

Master, aliyeingia mwaka 1971 akiigizwa na Roger Delgado, yuko katika fungu la waasi wa kabila la Doctor mwenyewe, pamoja na Monk na Rani. Mwaka 2014 alirudi akiwa mwanamke, Missy, na fungu halikubadilika.

Je, wajua kwamba wapo wanaotaka Silurians waondolewe kabisa kwenye orodha? Hawa, waliobuniwa na Malcolm Hulke mwaka 1970, ni watu wa jamii ya mijusi walioishi duniani kabla yetu, wakalala chini ya ardhi, wakaamka na kukuta nyumba yao ina wapangaji. Ni kweli walieneza ugonjwa ili watumalize. Lakini Doctor alikuwa bado anatafuta suluhu pale Brigadier, mwanajeshi wa upande wetu, alipoamuru mapango yao yalipuliwe. Mimi ningewaweka kwenye fungu la walalamikaji wenye haki.

Je, wajua kwamba adui mmoja alikaa miaka mingi akipangwa na watu ambao hawakuwahi kumwona sawasawa? Salamander, dikteta wa The Enemy of the World (1967–68), ana sura ileile ya Doctor, kwa kuwa Patrick Troughton aliigiza wote wawili. BBC ilifuta kanda nyingi za wakati huo, na kati ya sehemu 6 za kisa hicho ikabaki 1. Zile 5 zilipatikana mjini Jos, Nigeria, na zikatangazwa mwaka 2013. Sasa anaonekana vizuri, na kwa maoni yangu anastahili fungu lake peke yake.