Maumivu Sugu ya Kisigino na Nafasi ya Upasuaji

Mtu ashukaye kitandani alfajiri akahisi kama amekanyaga msumari, maumivu yakapungua baada ya hatua chache na kurejea jioni baada ya kusimama kutwa, kwa kawaida ana tatizo katika ukanda mnene wa nyuzi unaoanzia chini ya mfupa wa kisigino na kutandaa hadi vidoleni. Ukanda huo hushikilia upinde wa wayo. Ukivutwa kupita kiasi kwa muda mrefu, nyuzi zake huchakaa na kuchanika kidogo kidogo mahali unaposhikana na mfupa. Tatizo hili huwapata zaidi watu wa miaka 40 hadi 60, wenye uzito mkubwa, na wanaosimama saa nyingi kwenye sakafu ngumu: wachuuzi wa sokoni, walimu, wauguzi, walinzi.

Jambo ambalo wagonjwa wengi hawaelezwi mapema ni kwamba takriban watu 9 kati ya 10 hupata nafuu bila kisu, ingawa nafuu hiyo huweza kuchukua miezi 6 hadi 12. Tiba yenyewe haina mbwembwe: kunyoosha wayo na shavu la mguu kila siku, hasa kabla ya kukanyaga chini asubuhi, kuacha kandambili nyembamba na kuvaa viatu vyenye soli laini, kupunguza uzito. Sindano ya steroidi hutuliza kwa wiki kadhaa, lakini ikirudiwarudiwa yaweza kupunguza mto wa mafuta wa kisigino au hata kuukata ukanda.

Eksirei mara nyingi huonyesha kijimfupa kilichochomoza kama mwiba, na mgonjwa akishakiona hutaka kiondolewe. Hulaumiwa bure. Wengi wanacho na hawajapata kuumwa, na wengine huumwa bila kuwa nacho.

Upasuaji hufikiriwa pale tiba hizo zilipofuatwa kwa dhati kwa miezi 6 hadi mwaka bila mafanikio. Kabla yake, bingwa wa mifupa huhakikisha kwamba maumivu hayatokani na ufa wa mfupa, mshipa wa fahamu uliobanwa au ugonjwa wa viungo. Njia moja ni kukata sehemu ya ukanda upande wa ndani wa wayo ili kupunguza mvuto. Kwa kawaida haizidi nusu, kwa maana ukikatwa wote upinde huweza kuporomoka na maumivu kuhamia upande wa nje wa mguu. Njia nyingine, kwa mwenye msuli wa shavu la mguu uliokaza, ni kuurefusha msuli huo, na kisigino hakiguswi kabisa.

Si kila aliyepasuliwa huridhika. Wapo wanaobaki na ganzi, kidonda kinachochelewa kupona, au maumivu yale yale. Mwenye kisukari hulazimika kudhibiti sukari kwanza. Mgonjwa hutembelea magongo au kiatu maalumu kwa wiki kadhaa, na kurejea kwenye kazi ya kusimama huweza kuchukua miezi 3. Mkulima hana budi kulipima hilo na msimu wa shamba.

Safari huanzia zahanati au kituo cha afya, na rufaa hupanda hadi hospitali zenye mabingwa wa mifupa, kama MOI jijini Dar es Salaam, KCMC mjini Moshi au Bugando jijini Mwanza. Mgonjwa aende na picha zake za eksirei na maelezo ya sindano alizokwisha kuchomwa, zilikuwa ngapi na lini.