Mzazi Aliyepona Ebola Asitengwe

Miongoni mwa mitihani mikubwa inayomfika mkunga ni kumpokea mzazi ambaye watu wananong'ona kuwa aliwahi kuugua maradhi ya kuua. Mkono husita. Na katika chumba cha uzazi, dakika chache za kusita zaweza kutenganisha uhai na mauti.

Yaliyomfika Salome Karwah wa Liberia yanafaa kuzingatiwa. Mwaka 2014 Ebola iliwachukua wazazi wake wote wawili. Yeye mwenyewe akaugua, akapona. Hakukimbia. Alirejea katika kituo alichotibiwa mjini Monrovia kuwauguza wenziwe, na mwisho wa mwaka huo jarida la Time la Marekani likamtaja miongoni mwa wapiganaji wa Ebola waliopewa heshima ya Mtu wa Mwaka. Mwezi wa Februari 2017 alijifungua kwa kupasuliwa. Baada ya kuruhusiwa kwenda nyumbani alishikwa na mtukutiko, akarudishwa hospitali, na siku chache baada ya kujifungua akafariki dunia. Jamaa zake walieleza kwamba wahudumu waliogopa kumgusa kwa sababu aliwahi kuugua Ebola.

Yafaa tukiri kwamba hofu hiyo haikuzuka bure. Katika mlipuko wa Afrika Magharibi wa miaka ya 2014 hadi 2016 walifariki watu zaidi ya 11,000, na miongoni mwao wahudumu wa afya zaidi ya 500. Aidha, waja wazito huumizwa mno na maradhi haya. Mjini Kikwit, nchini Kongo, mwaka 1995, waja wazito 15 waliougua walichunguzwa. 14 kati yao walikufa.

Lakini hofu si elimu, wala haimkingi mkunga. Ushahidi tunao tangu mlipuko wa Yambuku wa mwaka 1976, pale Ebola ilipotambuliwa kwa mara ya kwanza nchini Kongo. Katika hospitali ya huko zilitolewa sindano tano tu kila asubuhi, zikatumiwa kwa mgonjwa baada ya mgonjwa bila ya kuchemshwa ipasavyo kila mara, pamoja na kwa waja wazito waliokuja kliniki. Kati ya watumishi 17 wa hospitali hiyo, 11 walikufa. Waliouawa pale hawakuponzwa na huruma ya kumshika mzazi. Waliponzwa na uhaba wa vifaa na kupuuzwa kwa usafi.

Je, wataalamu wanasema nini leo? Mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kuhusu waja wazito na wanaonyonyesha wakati wa Ebola. Mwongozo huo unapambanua hali mbili, na kila mtumishi wa afya hana budi kuzijua.

Hali ya kwanza ni ya mwanamke aliyepona kabisa, kisha baadaye akashika mimba. Mimba hiyo haihesabiwi kuwa na hatari ya kuambukiza Ebola. Ahudhurie kliniki kama wenziwe, ajifungue katika wodi ile ile, na akihitaji kupasuliwa apasuliwe bila ya kucheleweshwa.

Hali ya pili ni ya mwanamke aliyeugua akiwa mja mzito, akapona, na mimba ikabakia. Damu yake yaweza kuwa imekwisha safika, na hali virusi vingali katika maji ya uzazi, katika kondo la nyuma na katika kiumbe kilicho tumboni. Huyu naye hafukuzwi. Hupangiwa mapema mahali pa kujifungulia, akahudumiwa na wakunga waliofunzwa, waliovaa mavazi kamili ya kinga, na kila kinachotoka uzazini kikateketezwa kwa utaratibu. Maziwa yake hupimwa kabla ya kurejea kunyonyesha, na mume aliyepona hupimwa manii.

Kwa wazazi wengine wote kanuni ni moja: mikono ioshwe, glavu mpya zivaliwe, sindano itumike mara moja tu, damu iliyomwagika isafishwe kwa klorini. Virusi vya homa ya ini na vya UKIMWI havibishi hodi, wala havionekani usoni. Mkunga anayejikinga kwa wote hana haja ya kumbagua yeyote.

Huenda msomaji wa Visiwani akauliza, haya yanatuhusu nini? Yanatuhusu. Mlipuko wa Kivu Kaskazini na Ituri, kati ya 2018 na 2020, uliua watu zaidi ya 2,200 na kuacha zaidi ya 1,000 waliopona, wengi wao wasemaji wa Kiswahili. Mwaka 2023 Marburg, ndugu yake Ebola, ilizuka Kagera: watu 9 waliugua, 6 wakafariki. Mwaka 2025 ikazuka tena mkoani humo. Boti hutia nanga bandarini kila siku, na siku moja aweza kuteremka mwanamke aliyepona, mimba tumboni, akitafuta hospitali.

Kwa hiyo wanaohusika wasingoje siku hiyo. Kituo kisicho na maji hakiwezi kuhubiriwa usafi, na mkunga asiyepewa glavu hawezi kulaumiwa kwa woga. Kila kituo cha uzazi kipatiwe maji, glavu, klorini na vyombo vya kutupia sindano. Wakunga wafunzwe tofauti ya hali mbili tulizozieleza, tena wafunzwe kabla ya msiba. Siri ya mgonjwa ibaki baina yake na wanaomtibu, isifike barazani. Nao masheha na viongozi wa Chama mitaani wawe wa kwanza kumwamkia na kumpa mkono aliyepona, watu waone.

Dini yetu imetufunza kwamba mwanamke afaye kwa uzazi ana daraja ya shahidi. Daraja hiyo ni yake yeye, wala si udhuru kwa aliyekuwa na uwezo wa kumwokoa akauficha mkono wake nyuma. Mola amemwokoa mtu na Ebola; itakuwa aibu yetu sisi akija kufia mlangoni mwa wodi ya wazazi.