Namba ya Gari Yenye Jina

Hapa Kampala namba ya gari la kawaida huanza na herufi U. Lakini mara nyingine hupita gari lenye jina la mwenyewe kwenye kibao cha namba. Jina hilo huombwa serikalini, na hulipiwa. Mwaka 2018 ada yake ilipandishwa kutoka shilingi milioni 5 hadi milioni 20.

Sasa tupige hesabu. Kima cha chini cha mshahara kiliwekwa mwaka 1984: shilingi 6,000 kwa mwezi. Mwaka 2019 Bunge lilipitisha mswada wa kukibadili. Rais hakuutia sahihi. Kwa kima hicho, kibao kimoja ni mshahara wa karibu miaka 278.

Ada ya jina imepandishwa mara nne. Jasho letu je?